Bodi mpya yaokoa MGB, bima yabaki kitendawili

MGB, gari dogo la michezo lililotengenezwa Uingereza kati ya 1962 na 1980, halina chasisi ya peke yake. Bodi ndiyo uti wa mgongo. Ikiliwa na kutu, gharama za kuchomelea zaweza kupita thamani ya gari. Mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage ilileta nafuu ilipoingiza sokoni bodi mpya.

Hata hivyo, wenye magari hayo wanaolipa kiingilio ili kuyakimbiza kwenye viwanja vya mashindano, kama Goodwood, hawana budi kupiga hesabu upya. Bima nyingi za kawaida hazilipi ajali za uwanjani. Asiyekata bima ya siku hiyo aweza kupoteza gharama zote za ufufuaji kwenye kona moja.