Askari na Gari Lake: Kubadili Oili ya Injini Nyumbani

Kila askari, awe wa jeshi ama wa polisi, alifundishwa tangu siku zake za ukuruta kwamba bunduki yake haisafishwi na mtu mwingine. Huifungua mwenyewe, huipangusa, huitia mafuta, kisha huifunga akijua kila kipande kimekaa wapi. Lakini askari huyo huyo, akijaliwa kununua gari kwa mkopo atakaokatwa mshaharani kwa miaka mitatu, hulipeleka kwa fundi wa kando ya barabara, hukaa kibandani kunywa chai, na baadaye hulipia kazi ambayo hakuiona ikifanywa.

Koplo mmoja wa polisi niliyekuwa jirani yake alifikwa na makubwa kwa njia hiyo. Alibadilishiwa oili jioni mjini Kampala, na alfajiri akashika njia ya Gulu. Kabla hajafika Karuma, ile taa nyekundu yenye umbo la birika iliwaka. Naye, kwa kudhani kwamba ni hitilafu ya waya, akaendelea na safari. Hakwenda mbali, injini ikakwama. Filta ilipofunguliwa zilionekana gasketi mbili: ya zamani ilikuwa imenatia kwenye injini, na fundi alikuwa ameikaza filta mpya juu yake. Mpira juu ya mpira hauzibi, na oili ilikuwa imevujia hapo karibu yote. Gari likapandishwa juu ya matofali nyuma ya nyumba, na makato ya mkopo yakaendelea kila mwisho wa mwezi.

Kosa kama hilo huonekana mara moja kwa mtu anayejua pa kutazama. Ndiyo sababu yafaa askari aijue kazi hii, hata kama siku nyingine atamwachia fundi. Hapa twazungumzia gari la binafsi tu. Gari la serikali lina karakana yake na kitabu chake cha kazi, na dereva hana ruhusa ya kulifungua pasipo amri.

Na tuchukue mfano wa Toyota Probox yenye injini ya 1NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,500, injini ambayo imo pia katika magari mengine mengi yaliyoletwa kutoka Japani. Injini hii haina mkanda wa ndani bali mnyororo, na mnyororo huo hutegemea oili. Hata mtambo wa kubadili wakati wa kufunguka kwa vali huendeshwa kwa msukumo wa oili inayopita katika vijia vyembamba. Oili ikigeuka tope, vijia hivyo huziba. Kwa hiyo wanaosema kwamba kadiri oili inavyokuwa nzito ndivyo inavyolinda injini hawasemi kweli: oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika juu asubuhi, wakati injini inapoihitaji zaidi.

Kwenye kopo utaona maandishi kama 5W-30 au 10W-30. Tarakimu ya kwanza yaonyesha wepesi wa oili kwenye baridi, na ya pili uzito wake injini ikiwa moto. Herufi zinazoanza na S, kama SN na SP, ni za injini za petroli. Zinazoanza na C ni za dizeli. Kitabu cha gari, ijapokuwa kimeandikwa kwa Kijapani, hakifichi tarakimu hizo. Kopo ambalo kizibo chake kimeguswa liache dukani hata ukipunguziwa bei. Na lako likiisha litoboe kabla ya kulitupa, kwani makopo mazima ndiyo hujazwa oili chafu iliyochujwa na kurudishwa sokoni.

Filta nayo isinunuliwe kwa urahisi wa bei peke yake. Ndani yake mna karatasi iliyokunjwa kunjwa, na mna vali ya mpira inayozuia oili isirudi chini gari likizimwa. Filta ikiwa hafifu, vali hiyo haishiki, na kila asubuhi injini huanza kuzunguka ikiwa kavu. Tena filta ikiziba kabisa, mlango wa dharura hufunguka na oili huipita pembeni bila kuchujwa; dereva hahisi lolote, ila vyuma vinalika.

Kazi yenyewe haimalizi saa nzima. Tafuta mahali tambarare, jambo ambalo katika vilima vya Kampala si rahisi. Washa injini kwa dakika tano ili oili ipate uvuguvugu, kisha uizime. Vuta breki ya mkono na uweke mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Ukilazimika kuliinua gari, liinue kwa jeki, kisha literemshe juu ya stendi za chuma zinazostahili uzito wake. Hapa sina mzaha: jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake, na tofali la kuchoma hupasuka bila kutoa taarifa. Asiye na stendi asiingie chini ya gari.

Fungua kizibo cha juu cha kutilia oili, weka karai chini, kisha ilegeze boliti ya sampu kwa spana namba 14 ya duara. Katika mizunguko ya mwisho iendeshe kwa vidole huku ukiisukuma juu, upate kuiondoa kwa ghafla na kuukwepesha mkono. Vaa glavu, kwa maana oili iliyotumika ina sumu ya kuleta saratani ya ngozi kwa mtu anayeizoea. Iache ichuruzike kwa dakika kumi na uitazame. Weusi peke yake si ugonjwa. Lakini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ikimetameta chembe za chuma, gari lionwe na fundi kabla ya safari nyingine.

Weka washa mpya kwenye boliti na uianze kwa mkono. Ikikataa, itoe uanze upya, usiilazimishe kwa spana, maana hesi ikiharibika gharama yake huizidi ya oili. Kisha fungua filta na utazame kama gasketi yake imetoka nayo. Isipoonekana kwenye filta, imebaki kwenye injini: ibandue, upanguse mahali pake. Paka oili mpya kwenye gasketi ya filta mpya, ikaze kwa mkono mpaka iguse, halafu uongeze robo tatu ya mzunguko. Basi.

Injini hii huchukua lita 3.7 pamoja na filta, lakini kopo ni la lita 4, na wengi humimina lote ili kisibaki kitu. Hilo ni kosa, kwani oili ikizidi hupigwapigwa na fito za injini hata ikafanya povu, na povu halilainishi. Tia lita tatu na nusu kwanza. Washa injini, taa nyekundu izimike baada ya sekunde chache, la sivyo zima mara moja. Chungulia chini kama kuna mvujo, zima, ngoja dakika tano, kisha pima kwa kijiti na uongeze kidogo kidogo hadi karibu na alama ya juu. Andika tarehe na kilomita. Mafundi wengi wa hapa hushauri kurudia kila kilomita 5,000. Anayefanya kazi katika vumbi la Karamoja afanye mapema zaidi.

Oili ya zamani usiimwage mtaroni. Mitaro mingi ya Kampala huingia katika mfereji wa Nakivubo, nao huishia katika ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na katika ghuba hiyo hiyo, pale Ggaba, ndipo yanapovutwa maji ya kunywa ya jiji. Itie katika jerikeni, uifunge, uipeleke kwenye kituo cha petroli au gereji inayopokea.

Asubuhi ya pili, kabla ya kuwasha gari, tandika gazeti lililokwisha kusomwa chini ya injini, na ulitazame tena jioni baada ya kurudi na kuegesha pale pale. Likiwa na tone, rudi kwenye boliti na filta kabla hujashika njia ya mbali.