SOMO LA AFYA KAZINI: MTO WA KIPANYA NA MKONO WA MFANYA KAZI

Ninyi mlio katika vikundi vya kusikiliza, sogeeni karibu na redio, na mwenye kalamu awe tayari, maana mwishoni nitatoa maswali.

Leo tutazungumza habari ya kitu kidogo sana: pedi ya kipanya yenye mto. Mwenye kompyuta huitandika mezani, kipanya kikatembea juu yake. Kwenye ukingo ulio karibu na mtumiaji pana uvimbe laini wa sponji, au wa ute mzito uliofungwa ndani ya kitambaa. Huo ndio mto. Watu wengi huinunua wakiwa wamekwisha anza kuumwa mkono, wakidhani wamepata dawa. Je, ni dawa kweli?

Swali hili lawahusu watu wengi wa Morogoro. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, kipo pale chini ya milima ya Uluguru, na Chuo Kikuu Mzumbe nacho hakiko mbali. Wanafunzi huandika tasnifu zao, makarani huingiza hesabu, na vijana wa maduka ya stesheneri huchapa kazi za watu tangu asubuhi mpaka jioni. Kwa watu hao mkono ndio jembe. Lakini jembe likivunjika mpini twatia mwingine. Mkono hauna mpini wa kubadilisha.

Maumivu ya namna hii hayakuletwa na kompyuta. Mwaka 1700 mganga mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya maradhi ya wafanya kazi, na baadaye akaeleza jinsi waandishi walivyochoka mikono kwa kuikaza na kuirudisha vile vile saa nyingi. Kipanya cha kwanza kilitengenezwa Marekani mwaka 1964, kwa shauri la Douglas Engelbart, nacho kilikuwa cha mti. Chombo ni kipya, lakini uchovu ni ule wa zamani.

Sasa tutazame ndani ya kifundo cha mkono, yaani pale kiganja kinapoungana na mkono. Pana vifupa 8 vilivyopangwa kama mtaro, na juu yake umepita utepe mgumu kama mfuniko. Ndani ya njia hiyo nyembamba hupita kano 9 zinazokunja vidole, pamoja na mshipa mmoja mkubwa wa fahamu. Ukikunja kifundo juu au chini, au ukikigandamiza kwa nguvu, nafasi ndani ya mtaro hubanwa. Kano ni ngumu, zaweza kustahimili. Mshipa wa fahamu ni laini, nao ndio huumia.

Ili tufahamu kazi ya mto, tuwatazame akina mama wanaoshuka kutoka vijiji vya Uluguru wakileta ndizi na mboga sokoni. Kichwani mwao wameweka ngata, na juu ya ngata ndio mzigo. Ngata huzuia mzigo usichome utosi. Lakini je, ngata ndiyo inayobeba mzigo? La. Unaobeba ni shingo na mgongo ulionyooka. Mama akipinda shingo, hata ngata iwe nene namna gani, ataumia.

Basi mto wa kipanya ni ngata ya mkono. Wafaa kuzuia ukingo mgumu wa meza usichome ngozi, lakini hauwezi kunyoosha mkono uliopinda. Wala hakuna uthibitisho imara wa kitaalamu kwamba mto peke yake huzuia ganzi au huiponya.

Haya ndiyo matumizi yake yafaayo.

Kwanza, kaa vizuri kabla ya kuugusa mto. Kiwiko, yaani pale mkono unapokunjika katikati, kiwe karibu na ubavu na kwa kimo cha meza. Meza ikiwa ndefu mno, inua kiti, kisha weka kasha au tofali chini ya miguu isining'inie.

Pili, chagua mto laini usiopita kimo cha kipanya. Mto mrefu hukunja kifundo, na hapo umenunua maumivu kwa fedha yako.

Tatu, weka juu ya mto kitako cha kiganja, wala si kifundo chenyewe. Tena uweke wakati wa kupumzika. Unaposogeza kipanya, mkono uwe huru, mwendo utoke kwenye kiwiko na bega. Anayeubandika mkono kwenye mto huku akizungusha kifundo peke yake hukiongezea kazi.

Nne, shika kipanya kwa wepesi, kiwe karibu nawe, na kila baada ya nusu saa kiache kidogo. Fungua na kufumba vidole, simama, tembea.

Asiye na fedha za pedi asihuzunike. Kipande cha kanga kilichokunjwa vizuri kwenye ukingo wa meza chaweza kuzuia ule ukali, mradi kisiwe kirefu.

Sasa, sikieni dalili za hatari. Ukiona ganzi katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, ganzi ikakuamsha usiku hata ukakung'uta mkono, usinunue mto mwingine; nenda hospitali. Ujauzito na kisukari navyo huweza kuleta hali hiyo, kwa hiyo yafaa upimwe. Ukiipuuza muda mrefu, nyama iliyo chini ya kidole gumba hupungua, mtu akashindwa kufunga kifungo cha shati au kushika kisu. Hapo hata matibabu huenda yasirudishe nguvu zote.

Nanyi waajiri, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yawataka mlinde afya ya wafanya kazi wenu. Kiti kinachofaa na nafasi ya kupumzika ni sehemu ya ulinzi huo.

Maswali ya kikundi:
1. Kwa nini mto mrefu wadhuru?
2. Ni sehemu gani ya mkono huwekwa juu ya mto, na wakati gani?
3. Pimeni meza moja ya kazi iliyo karibu nanyi. Je, kiwiko cha mwenye kuitumia kipo kwa kimo chake? Kama sivyo, mtarekebisha nini kwanza?

Jadilianeni, mwandike majibu yenu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.