Mwaka Mmoja wa Kusomea Sauti

Mwanamke anayesomesha watoto asubuhi shuleni na jioni chuoni hulitumia koo lake kama seremala atumiavyo msumeno, ila seremala huunoa msumeno wake. Sauti ikimpwea, hutafuna tangawizi, hulamba asali na kusubiri. Mara nyingi kusubiri huko hufaa, kwani mafua huisha na sauti hurudi. Makala haya yanamhusu yule ambaye wiki nne zimepita na sauti haijarudi, pamoja na jamaa zake wanaomwambia kuwa ni uchovu tu.

Sauti hutengenezwa ndani ya kikoromeo, penye mikunjo miwili midogo ya nyama laini tunayoiita nyuzi za sauti. Mwanamke anaposema, mikunjo hiyo hukutana na kuachana takriban mara 200 kwa sekunde moja. Ya mwanamume huenda kwa mwendo wa karibu nusu ya huo. Kwa karne nyingi hakuna aliyeiona ikifanya kazi kwa mtu aliye hai, hadi mwaka 1854, Manuel García, Mhispania aliyekuwa akifundisha uimbaji, alipotumia vioo viwili na mwanga wa jua kulitazama koo lake mwenyewe. Hakuwa tabibu, na huenda ndiyo sababu swali lilimkera zaidi: alitaka kujua wanafunzi wake wanafanya nini ndani ya shingo zao.

Leo kuna madaktari ambao kazi yao ni sehemu hiyo peke yake. Njia yao ni ndefu. Nchini Marekani, kwa mfano, mtu humaliza miaka minne ya chuo cha udaktari, kisha mitano ya upasuaji wa masikio, pua, koo na shingo. Hapo tayari ni bingwa, na angeweza kufungua zahanati yake akala kwa jasho lake. Anayetaka kubobea katika kikoromeo na maradhi ya sauti hurudi tena kuwa mwanafunzi, kwa kawaida mwaka mmoja zaidi, chini ya mkono wa mwalimu aliyemtangulia.

Mwaka huo anajifunza nini ambacho hakukipata katika mitano? Kwanza, kutazama. Hakuna jicho liwezalo kufuata kitu kinachopiga mara 200 kwa sekunde, hivyo hutumia taa inayomulika na kuzima kwa haraka inayokaribia ile ya nyuzi zenyewe, na kwa hila hiyo nyuzi huonekana kana kwamba zinakwenda polepole, kama wimbi linaloingia ufukoni. Mwanafunzi hutazama makoo ya mamia ya watu mpaka ajue wimbi lililo sawa na wimbi lililokwama, kwani pale lilipokwama ndipo penye kinundu, kovu, au saratani changa.

Pili, hujifunza mkono. Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi, bomba la chuma hupitishwa kinywani, na daktari hufanya kazi kwa hadubini, akishika vyombo vyembamba virefu kuliko sentimita 20, ambavyo ncha zake ni ndogo kuliko punje ya mchele. Mtetemeko mdogo wa kidole huonekana huko mwisho kama pigo. Ndiyo maana wengi huanza kwa makoo ya wanyama, ya kondoo yakiwamo, kabla ya kumgusa mwanadamu. Isitoshe, daktari huyu na yule wa nusukaputi wanagawana njia moja ya pumzi: mmoja anaitaka ipitishe hewa, mwingine anaitaka iwe wazi apate kukata. Miale ya leza ikikutana na oksijeni nyingi na mpira wa pumzi, moto huweza kuwaka ndani ya koo. Mapatano baina ya wawili hao ni somo kamili.

Tatu, nalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, hujifunza wakati wa kutokata. Mwaka 1974 mtaalamu wa Kijapani Minoru Hirano alieleza kuwa uzi wa sauti una matabaka: ngozi nyembamba juu, chini yake tabaka laini mfano wa maji mazito, kisha tabaka gumu zaidi, kisha msuli. Ni lile tabaka laini linaloifanya ngozi itetemeke. Likikatwa kwa pupa huota kovu, na kovu halitetemeki. Mwimbaji Mwingereza Julie Andrews alifanyiwa upasuaji wa nyuzi zake mjini New York mwaka 1997, na sauti yake ya kuimba haikurudi kama ilivyokuwa. Vinundu vya walimu, ambavyo huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, aghalabu havihitaji kisu: huyeyuka kwa mazoezi ya miezi kadhaa chini ya mtaalamu wa tiba ya usemi, kwa kunywa maji ya kutosha (mwezi wa Ramadhani, baina ya futari na daku), na kwa kuacha kupigana na kelele za darasa.

Kuna wanawake wengine ambao sauti zao ziliondoka siku moja, baada ya kupasuliwa rovu. Mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti hupita nyuma kabisa ya tezi hiyo. Ukiguswa au kunyooshwa, uzi mmoja hulala, na mgonjwa hubaki na sauti ya pumzi tupu, huku maji yakimpalia kila anywapo. Baadhi hupona wenyewe katika miezi ya mwanzo. Kwa wasiopona, mwaka uleule wa 1974 Mjapani mwingine, Nobuhiko Isshiki, alieleza njia ya kufungua kidirisha katika gegedu la kikoromeo na kutia kipande cha kuusogeza uzi uliolala ukutane na mwenziwe. Hufanywa kwa ganzi, mgonjwa akiwa macho. Daktari husogeza kidogo, humwambia asome namba, husikiliza, husogeza tena. Mama aliyenong'ona kwa mwaka mzima huweza kuisikia sauti yake ikirudi angali juu ya meza.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto ambaye kilio chake kimekwaruza kwa miezi, kisha akaanza kukoroma anapovuta pumzi, asifanywe mgonjwa wa pumu kabla koo lake halijatazamwa. Huenda ni chunjua za kikoromeo, ziletwazo na virusi vya HPV aina ya 6 na 11, na baadhi ya watoto hupasuliwa tena na tena kwa miaka. Nchini Australia, ambako chanjo yenye aina hizo ilianza kutolewa kwa wasichana mwaka 2007, ugonjwa huu wa watoto ulipungua sana.

Kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi hufunza mabingwa wa masikio, pua na koo, na Chuo Kikuu cha Cape Town kimewapokea madaktari wa nchi kadhaa za Kiafrika kwa ubobezi wa upasuaji wa saratani za kichwa na shingo. Wa sauti peke yake bado ni wachache. Hata hivyo, bingwa wa kawaida wa koo ana kamera nyembamba ya kupitisha puani, na hapo ndipo pa kuanzia. Mvutaji wa sigara au shisha aliyepwewa na sauti asisubiri hata wiki hizo nne.

Najua wako wanaoona haya. Uchunguzi hufanyika mgonjwa akiwa ameketi, nguo zake zote mwilini, na ni haki yake kuomba mumewe au dada yake awe naye chumbani. Pua hutiwa dawa ya ganzi, mgonjwa huambiwa aseme "iii" kwa sauti ndefu, na baada ya dakika chache huweza kuonyeshwa nyuzi zake mwenyewe katika skrini.