Frank Robinson, mwalimu wa timu

Leo tunaeleza habari za besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa rungu. Unapendwa sana Marekani.

Zamani watu weusi hawakuruhusiwa kucheza ligi kuu ya huko. Mwaka 1947 Jackie Robinson alifungua njia, wakacheza. Lakini kuongoza timu? Thubutu!

Miaka 28 ikapita. Mwaka 1975 mchezaji Frank Robinson, ambaye si ndugu yake, akawa mwalimu wa timu ya Cleveland. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupewa kazi hiyo.

Siku ya kwanza alijipanga acheze. Akapiga mpira, ukavuka ua wa uwanja! Timu yake ikashinda 5 kwa 3. Aliendelea kuongoza timu mbalimbali mpaka mwaka 2006.

Je, kijijini kwetu nani anafanya kazi vizuri, lakini hapewi uongozi? Tuzungumze.