Jiwe la Jikoni na Vumbi Lake

Katika nyumba nyingi zinazojengwa mijini siku hizi, meza ya jikoni hufunikwa kwa bamba la jiwe. Wenye nyumba huliita granaiti au marumaru bila kubagua, na wauzaji hawajisumbui kuwasahihisha. Hata hivyo, aina ya jiwe ndiyo inayoamua namna ya kulisafisha, na ndiyo inayoamua pia ukubwa wa hatari inayomkabili fundi anayelikata.

Marumaru ina asili ya chokaa. Ndimu ikikamuliwa juu yake, au siki ikimwagika, asidi huila chokaa hiyo mara moja na kuacha doa lililofifia mng'ao. Doa hilo halitoki kwa kusuguliwa, kwa kuwa si uchafu bali ni uso wa jiwe uliolika. Dawa yake ni kupigwa msasa na kung'arishwa upya. Granaiti huistahimili ndimu vizuri zaidi, lakini nayo ina vinyweleo vinavyofyonza mafuta. Ili kujua kama kinga yake imekwisha, yadondoshwe matone ya maji juu yake na kuachwa kwa dakika 15 hivi. Jiwe likigeuka rangi na kuwa jeusi mahali hapo, linahitaji kupakwa tena dawa ya kuziba vinyweleo, madirisha yakiwa wazi, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hutoa mvuke unaoumiza kichwa na koo.

Kwa usafi wa kila siku, maji ya vuguvugu na sabuni laini ya kuoshea vyombo yanatosha. Doa la mafuta huvutwa kwa uji mzito wa bikaboneti ya soda, ile inayotiwa katika keki, ukifunikwa kwa nailoni hadi siku ya pili. Palipokatiwa kuku mbichi paoshwe kwa sabuni kwanza, kisha dawa ya kuua vijidudu ifuate. Wako wanaochanganya dawa ya klorini na siki kwa kudhani kwamba nguvu itaongezeka. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho na njia ya hewa, na kwa mwenye pumu unaweza kuwa safari ya hospitali.

Jambo zito zaidi hutokea kabla jiwe halijafika jikoni, au siku fundi anapolikata uani kwa grainda kavu huku watoto wakitazama. Granaiti ina kwatzi, yaani silika ya fuwele, kwa kiasi kikubwa. Marumaru huwa na kidogo sana. Mawe ya kutengenezwa kiwandani, yanayouzwa kama mbadala wa mawe ya asili, yanaweza kuwa na silika zaidi ya asilimia 90. Australia iliyapiga marufuku kuanzia Julai 2024, baada ya mafundi vijana kuugua silikosisi.

Chembe zinazodhuru ni ndogo mno kuonekana kwa jicho. Hufika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, ambako seli za kinga huzimeza, zikafa, na mahali pake pakabaki kovu. Kovu likienea, pumzi hupungua. Hakuna tiba inayolirudisha pafu katika hali yake ya awali. Kwa kawaida ugonjwa hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, lakini vumbi likiwa jingi sana huja mapema zaidi. Silika hii pia husababisha saratani ya mapafu, na humweka aliyeivuta katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu. Wachimbaji wa madini wanaujua mkasa huo kwa muda mrefu.

Hapo ndipo utambuzi unapoteleza. Kikohozi, kukonda na kukosa pumzi humfanya mhudumu awaze kifua kikuu, na ni sawa kukitafuta, maana magonjwa hayo mawili huishi pamoja. Lakini mgonjwa ambaye makohozi yake hayaonyeshi vimelea mara kwa mara, na ambaye dawa hazimletei nafuu, anastahili kuulizwa anafanya kazi gani na alifanya kazi gani zamani. Aliyeacha kukata mawe miaka mingi iliyopita hataitaja kazi hiyo asipoulizwa. Majibu hayo yakisomwa pamoja na picha ya kifua huweza kubadili mwelekeo wote wa matibabu.

Mwenye nyumba naye ana sauti. Anaweza kudai mabamba yakatwe karakanani kwa mashine inayomwagiwa maji, ili yafike yakiwa tayari kupachikwa. Ikilazimu kutoboa tundu la sinki nyumbani, maji yamwagwe kwenye jiwe muda wote, na fundi avae barakoa ya kuchuja chembe inayobana uso. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii silika. Vumbi lililobaki lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe. Nguo za fundi zivuliwe kazini na kufuliwa peke yake, zisichanganywe na za watoto.