Longonot Inangoja Nini?

Mvuvi wa Majoreni huzisoma nyota kwa macho. Ni wanafunzi wachache mno walioambiwa kuwa nyota, na mawingu ya gesi yaliyo kati yake, hutoa pia mawimbi ya redio, hafifu mno. Dishi kubwa lilisimamishwa Longonot mwaka 1970 kwa ajili ya simu za setilaiti. Kebo za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, kazi hiyo ilipungua. Ghana ililigeuza dishi lake la Kuntunse, lenye upana wa mita 32, kuwa darubini ya redio mwaka 2017. Kenya, mshirika katika mpango uo huo, yangoja nini? Mwalimu wa fizikia huku Kwale ayachore mawimbi kwa chaki hadi lini?