Taa za njia za miguu: tuziweke, na tuziweke wapi? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi pembezoni mwa Dar es Salaam palivyojaa watu kabla ya kufikiwa na barabara. Leo tushughulikie swali linaloibuka kila mara kwenye mikutano ya mitaa, kuanzia Bunju na Mabwepande hadi Chamazi na Toangoma: ile njia ya miguu inayotoka kituo cha daladala na kuingia ndani makazini, tuiwekee taa au tuiache?

Jiji letu liko karibu na ikweta. Mwaka mzima jua huzama kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 1 kasoro dakika chache, na likishazama giza halichelewi. Aliyefunga kibanda Kariakoo saa 12 jioni, akasubiri gari, kisha akakwama kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, hafiki Mbagala na mwanga, iwe Juni au Desemba. Upande wa pili wa usiku kuna mama anayedamka saa 10 alfajiri kuwahi samaki Feri, wanafunzi wanaotoka nyumbani hakujapambazuka ili wagombee daladala, na waumini wanaoitika adhana. Kwa hiyo anayesema "usiku watu wamelala, taa za nini?" hajawahesabu majirani zake.

Mradi wa uendelezaji wa jiji, DMDP, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 300 mwaka 2015, ulileta lami, mitaro na taa katika kata kadhaa za Kinondoni, Ilala na Temeke. Ilikuwa kazi kubwa na ninaipongeza. Lakini taa zile zimefuata barabara za magari. Ukiingia ndani kidogo, kwenye njia ambayo hata bajaji haipiti, giza ni lile lile. Barabara kuu zina TANROADS, za mitaa zina TARURA tangu 2017. Kichochoro mara nyingi hakina wa kukisemea isipokuwa wakazi wenyewe. Ndiyo maana uamuzi unarudi kwenye mkutano wa mtaa.

Na hapo ndipo tunapokosea mapema, kwa kuanza na bei ya nguzo. Jiji hili liliwahi kutuonyesha njia iliyo bora zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dar es Salaam ilijiunga na mpango wa Umoja wa Mataifa wa Miji Salama, na katika mpango huo wanawake wa Manzese, wakati huo ikiwa ndani ya Manispaa ya Kinondoni, walishirikishwa kukagua usalama wa mitaa yao. Mbinu hiyo ilibuniwa Toronto, Kanada, mwaka 1989, nayo ni nyepesi: wanaoogopa kupita ndio wanaopita, kwa kundi, saa ile ile wanayoiogopa, wakiandika ni wapi hasa na kwa nini. Ukaguzi wa namna hii huibua mambo ambayo mhandisi akiwa ofisini hayaoni. Mahali pengine kweli ni giza. Pengine ni boma lisilokwisha ambalo vijana hujibanza ndani yake. Pengine ni kona nyembamba kati ya kuta mbili, ambayo hata ukiiwekea jua la mchana, mtu hana pa kukimbilia. Taa hutibu la kwanza tu.

Utafiti wa nje unaonya vivyo hivyo. Mwaka 2016 jijini New York, minara ya taa iliwekwa katika baadhi ya makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa kura, kisha yakalinganishwa na yaliyokosa. Uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Lakini Chicago, ilipoongeza mwanga kwenye vichochoro vya nyuma ya nyumba mwishoni mwa miaka ya 1990, matukio yaliyoripotiwa yaliongezeka, ingawa watafiti walikiri kwamba huenda mwanga wenyewe uliwafanya watu waone na kuripoti zaidi. Kwa maoni yangu tofauti ni macho. Mwanga husaidia palipo na watu wa kuona: genge la mboga, kibanda cha chipsi, baraza lenye wazee, kijiwe cha bodaboda. Taa juu ya njia isiyo na mtu humwangazia mwizi pia.

Nairobi walichagua nguzo ndefu, zile walizozipa jina la "mulika mwizi", katika maeneo kama Mathare na Korogocho. Zimeangaza viwanja na kurefusha saa za biashara. Lakini mwanga wa juu sana hukatwa na mapaa, na kichochoro kati ya nyumba hubaki kivulini. Na nguzo moja ikizimika, mtaa mzima umezimika nayo. Kwa njia zetu nyembamba nguzo fupi za mita tano hivi zinafaa zaidi, zikipangwa kila baada ya mita 15 hadi 20. Msisitizo uwe kwenye mfululizo kuliko ukali. Jicho la binadamu huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza kikamilifu; mtu anayetoka kwenye mwanga mkali na kuingia ghafla kwenye pengo la giza haoni mtaro ulio mbele ya miguu yake, na mitaro yetu mingi haina vifuniko. Chagua pia mwanga wa njano kuliko ule mweupe wenye ubluu. Wa njano hauumizi macho sana, na wadudu huufuata kwa uchache. Aliyewahi kukaa chini ya taa nyeupe msimu wa kumbikumbi ananielewa.

Sasa fedha. Chukua njia ya mita 400 yenye taa 20 za LED za wati 30. Zikiwaka kwa muda wa saa 12, kila moja hula yuniti 0.36, zote pamoja yuniti 7.2 kwa usiku. Kwa shilingi 350 na ushee kwa yuniti, kodi ikiwemo, ni kama shilingi 2,500 kwa usiku, au 75,000 na kitu kwa mwezi. Kaya 150 zikigawana, kila moja inatoa takriban shilingi 500. Si pesa ya kushindikana. Kinachoshindikana ni mwezi wa tisa, mtunza hazina anapohama na daftari likapotea. Taa za sola hazina bili, lakini betri zake huchoka baada ya miaka michache na huibwa hata kabla ya kuchoka. Njia ambayo taa zake zimezimika ni hatari zaidi kuliko njia ambayo haikuwahi kuwa nayo, kwa sababu watu wameshazoea kuipitia usiku.

Msimamo wangu basi ni huu: njia inayounganisha makazi na kituo, shule, msikiti, kanisa au zahanati iwekewe taa, na iwekewe yote mwanzo hadi mwisho. Njia ya mkato inayopita porini au kando ya bonde, isiyo na nyumba zinazoitazama, isiwekewe. Taa itawaita watu mahali ambapo hakuna wa kuwasikia wakipiga kelele. Na mtaro wazi ufunikwe kwanza.

Mwenyekiti wa mtaa, kabla ya kutangaza mchango, chagua usiku usio na mwezi, waite akina mama na mabinti wanaopita njia hiyo, mtembee nao kutoka kituoni hadi nyumba ya mwisho. Wao waongoze, mtendaji aandike. Orodha hiyo ndiyo isomwe kwenye mkutano, kabla ya karatasi ya bei ya fundi. Wiki ijayo tutaangalia mfuko wa matengenezo: nani aushike, na wakazi waukague vipi.